Breki, Gitaa na Nafasi Tupu: Kuielewa Albamu ya Raising Hell

Orodha za albamu bora za hip hop hazikauki mtandaoni, na nyingi huipa nafasi Raising Hell, kazi ya kundi la Run-DMC iliyotoka Mei 1986. Ubishi huanzia hapo. Kijana aliyekulia kwenye trap na drill, mitindo ya rap ya siku hizi, anaifungua kwenye simu, anasikiliza nyimbo mbili, kisha anauliza: besi iko wapi? Kinanda kiko wapi? Mbona hawa jamaa wanafoka tu? Mwenzake aliyesoma mahali kwamba hii ni "albamu ya rap na roki" anasubiri magitaa, na baada ya robo saa anaona ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Waliokua na muziki huo nao, badala ya kueleza, wanajibu kwa ukali kwamba watoto wa siku hizi hawana masikio.

Kila mmoja ana chembe ya ukweli. Besi kweli ni chache, magitaa ya roki yamo kwenye nyimbo za kuhesabika, na sauti kweli zinafoka. Kinachokosekana kwenye ubishi huo ni jambo moja: albamu hii inavutia kwa vitu vilivyoachwa nje kuliko vilivyowekwa ndani, na roki iliyomo haikuja kama mgeni. Ilikuwa imeshakaa kwenye masanduku ya santuri ya madijei wa New York kwa zaidi ya miaka kumi.

Tusafishe maneno kwanza

Rap ni kughani kwa vina juu ya mdundo. Hip hop ni utamaduni mzima uliozaa rap, pamoja na udijei, uchezaji na michoro ya ukutani. Roki ni muziki unaosimama juu ya gitaa la umeme, besi na ngoma zinazopigwa kwa nguvu. Watu wengi husema rap ni ya Weusi na roki ni ya Wazungu, na kwa hiyo kuziunganisha ni kuoanisha mbingu na ardhi. Historia haikubali. Roki ilitoka moja kwa moja kwenye bluzi na injili za Wamarekani Weusi. Sister Rosetta Tharpe, Chuck Berry na Little Richard walikuwa wakiipiga kabla bendi za vijana wa Kizungu hazijaikuza na kuiuza dunia nzima. Kilichokuwa kimegawanyika ni redio na maduka ya santuri.

Sampo ni kipande cha sauti kilichochukuliwa kutoka kwenye rekodi ya mtu mwingine na kutumika upya. Sampo si sawa na kupiga upya, yaani kumweka mwanamuziki studio arudie kile kipande kwa mkono wake. Kwenye Raising Hell zote mbili zimo, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu wabishane kuhusu "nani kaiba nini".

Breki ni sehemu ya wimbo ambapo waimbaji na vyombo vingine vinanyamaza, ngoma zikabaki peke yake kwa sekunde chache. Neno ni lile lile la gari kwa sikio letu, ila kazi ni kinyume: kwenye gari breki husimamisha, kwenye disko la Bronx, New York, breki ndiyo iliyowainua watu vitini.

Halafu kuna "old school". Hili ndilo linalopotosha zaidi. Kwetu leo, chochote cha rap kilichotoka kabla ya 1990 ni old school. Lakini Run-DMC walipoingia sokoni mwaka 1983 wao ndio walioizika shule ya zamani. Kabla yao, rekodi za rap zilitengenezwa na bendi ya studio inayopiga disko au fanki upya. "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang ya 1979 imejengwa juu ya wimbo wa bendi ya disko ya Chic uliopigwa upya kwa namna hiyo. Wasanii wa wakati huo walipanda jukwaani na ngozi zenye misumari, manyoya na buti ndefu, kama wanaroki au wanafanki wa televisheni. Run-DMC wakaja na makoti meusi ya ngozi, kofia nyeusi na viatu vya Adidas visivyo na kamba, mavazi ya mtaani kwao Hollis, eneo la Queens, New York. Muziki wao ulivuliwa mapambo vivyo hivyo. Kwa hiyo ukiiita Raising Hell old school hujakosea kwa umri wake, ila ujue kwamba siku ilipotoka ilikuwa ndiyo sauti mpya kuliko zote.

Roki ilivyoingia kwenye sanduku la dijei

Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye ukumbi wa jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Herc alikuwa ameshagundua kwamba wachezaji wanasubiri ile breki. Basi akaanza kutumia santuri mbili za wimbo ule ule: breki ikiisha upande huu, anaianzisha upande ule, huku anairudisha ya kwanza nyuma. Sekunde tano zikawa dakika tano.

Hapa inafaa tupige hesabu, maana wengi hudhani ni bahati au kipaji tu. Chukua "Walk This Way" ya Aerosmith, bendi ya roki kutoka Boston, iliyotoka 1975 kwenye albamu yao ya Toys in the Attic. Inaanza na ngoma tupu, mizunguko miwili ya mapigo manne manne, kabla gitaa halijaingia. Mwendo wake ni kama mapigo 108 kwa dakika, kwa hiyo mapigo nane yanachukua takriban sekunde 4.4. Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Kwa hesabu hiyo dijei anapaswa kuirudisha santuri nyuma mizunguko miwili na nusu hivi, kwa mkono, na kuiachia hasa kwenye pigo la kwanza, wakati santuri ya pili inaendelea kusikika. Ana sekunde nne na ushei kufanya hivyo, kisha anarudi upande wa pili kufanya tena.

Akirudisha mizunguko miwili badala ya miwili na nusu, breki inaingia katikati ya mdundo na wachezaji wanakanyaga hewa. Akirudisha mno, anaangukia kwenye ukimya au mwisho wa wimbo uliotangulia kwenye santuri. Akibonyeza kwa nguvu, sindano inaruka. Ndiyo maana madijei walichora alama kwenye karatasi ya katikati ya santuri na kuisoma kama saa, na wakaweka kitambaa laini chini ya santuri ili sahani ya mashine iendelee kuzunguka hata santuri ikishikwa.

Katika kazi ya namna hiyo, jina la bendi halina maana. Dijei haulizi mpiga ngoma ana rangi gani. Anauliza breki ina urefu gani na ngoma zimerekodiwa kavu kiasi gani. Bendi za roki za miaka ya 1970 zilirekodi ngoma nzito, zenye nafasi, kwa hiyo santuri zao zikawa mali. Vijana wa Run-DMC walighani juu ya zile sekunde za mwanzo za Aerosmith tangu utotoni bila kujua kinachofuata gitaa likishaingia. Hata jina la Aerosmith hawakulijua. Kwao bendi ilikuwa "Toys in the Attic", kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye jalada.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuitambua tabia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J alighani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby", ambao nao ulikuwa umejengwa juu ya besi ya Queen na David Bowie. Aliyeusikia kwenye kaseti hakuwa na haja ya kujua kwamba chini kabisa kuna bendi ya roki ya Uingereza.

Nafasi tupu

Kundi lilikuwa na watu watatu: Joseph Simmons, yaani Run, Darryl McDaniels, yaani DMC, na dijei wao Jason Mizell, maarufu kama Jam Master Jay. Rekodi yao ya kwanza ya 1983 ilikuwa na "It's Like That" upande mmoja na "Sucker M.C.'s" upande wa pili. Huu wa pili hauna wimbo ndani yake kwa maana ya kawaida: mashine ya ngoma ya Oberheim DMX, mikwaruzo ya santuri inayosuguliwa mbele na nyuma chini ya sindano, na sauti, basi. Hakuna besi. Aliyezoea rekodi zenye bendi nzima aliona kama nyumba iliyohamishwa fanicha.

Raising Hell inaendeleza ujenzi huo. Sikiliza "My Adidas". Ukiondoa ngoma na sauti, kinachobaki ni mikwaruzo na vijipande vichache vya mapambo. Faida yake ni ya kiufundi kabisa. Sauti ya chini ya ngoma ya mashine ikipigwa peke yake, bila besi inayojaza eneo hilo hilo, inapata nafasi ya kupumua. Inagonga kifua halafu inakatika. Besi ikiingia hapo bila mpango, zile "dum" zinakuwa "duuum" moja isiyo na mwisho, na mdundo unalegea. Prodyuza yeyote wa Bongo aliyewahi kuhangaika kutenganisha besi na ngoma ya chini analijua tatizo hili. Hawa walilitatua kwa kuiondoa besi.

Pili, sauti ya binadamu inakuwa ndiyo chombo kikuu. Run ana sauti ya juu, kali, ya haraka. DMC ana sauti nene inayotua kwa uzito. Hawaghani kwa zamu za ubeti mzima kama makundi mengi ya leo. Wanagawana mstari mmoja, wakati mwingine neno moja moja, huyu anaanza na yule anamalizia kwa pamoja au peke yake. Umewahi kuona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Mchi mmoja unapanda, mwingine unashuka, na mtwangio hausimami. Mmoja akichelewa robo sekunde, michi inagongana. Hivyo ndivyo "It's Tricky" na "Peter Piper" zinavyofanya kazi. Ukizisikiliza kwa kufuata maana tu, utaona ni majigambo ya kawaida. Fuata nani anashika neno lipi, na utaelewa kwa nini hazichoshi.

"Peter Piper", wimbo wa kwanza, ndio ningempa mtu anayetaka kuelewa kazi ya dijei. Zile kengele zinazolia mwanzo mwisho ni za "Take Me to the Mardi Gras" ya mpiga kinanda Bob James, ya 1975. Jay anazikata kwa santuri, ngoma ya mashine inashindilia chini, na mashairi yenyewe ni sifa kwa Jay, yakichezea visa na vibwagizo vya watoto wa Kimarekani. Hakuna gitaa hapo. Kwa hiyo albamu inayosifiwa kwa roki inaanza kwa kengele za mpiga jazi.

Gitaa linapoingia

Rick Rubin, aliyeitayarisha albamu pamoja na Russell Simmons, kaka yake Run, alikuwa kijana wa Long Island aliyependa roki nzito na rap kwa pamoja. Mwaka huo huo wa 1986 alitayarisha pia Reign in Blood ya Slayer, mojawapo ya albamu kali kuliko zote za metali, yaani roki nzito kupita kiasi. Huyu hakuwa mtu wa kuongeza gitaa kama bizari ya kupambia pilau.

Kuna tatizo halisi la kuweka gitaa la roki chini ya rap, na ndilo linaloua majaribio mengi hadi leo. Gitaa la roki hupitishwa kwenye kikuza sauti kilichozidishiwa mzigo, kama spika ya mnadani inayofunguliwa kupita uwezo wake. Sauti inachanika na kujaa vumbi, na vumbi hilo linatanda katikati ya masafa ya sauti. Bahati mbaya, maneno ya binadamu yanaeleweka hapo hapo. Mitambo ya simu ya zamani ilipitisha kati ya Hz 300 na 3,400 tu, na bado tulielewana, kwa sababu maneno yanaishi humo. Gitaa likilia mfululizo wakati mtu anaghani, kimoja lazima kimezwe. Fundi mchanga hupandisha sauti ya rapa, gitaa linaonekana dogo, analipandisha gitaa, rapa anazama, na saa sita za usiku vyote viwili vinapiga ukelele.

Dawa si vitufe vya fundi. Ni mpangilio. Gitaa ligonge na kunyamaza, na rapa aingie kwenye pengo. Pia lipige noti chache: wanaroki wengi hutumia noti mbili tu, ya kwanza na ya tano, kwa sababu kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) yenye noti nyingi zaidi ikipita kwenye ule mchaniko inageuka uji. Kwa masikio ya fundi wa rap, gitaa la namna hiyo si chombo cha kuimbia bali ni ngoma nyingine, yenye noti.

Hicho ndicho kinachofanyika kwenye "It's Tricky". Mshindo wa gitaa unatokana na "My Sharona" ya bendi ya The Knack, ya 1979. Wimbo ule wa asili ulishikwa na ngoma na gitaa linalodunda kwa vipande vifupi, kwa hiyo ulikuwa tayari umeshakatwa kwa vipimo vya rap. Kwenye wimbo wenyewe unaoitwa "Raising Hell", Rubin anapiga gitaa mwenyewe, na kinachosikika ni mapigo makali kati ya mistari.

Kuhusu neno "mchanganyiko", tuwe waangalifu. Juisi ya embe na parachichi ni mchanganyiko ambao huwezi tena kuonyesha embe liko wapi. Embe bichi lenye chumvi na pilipili la kando ya barabara ni jambo jingine: unaona embe, unaona pilipili, na ulimi unapokea vyote kwa wakati mmoja bila kuvichanganya. Raising Hell ni embe la pilipili.

"Walk This Way", na yaliyozushwa juu yake

Wimbo huu ndio ulioifikisha albamu mbali, na ndio uliozungukwa na maneno mengi. Wazo la awali lilikuwa kuitumia breki tu, kama walivyozoea. Rubin akapendekeza wairudie yote, pamoja na mashairi, na wenyewe Aerosmith wawepo. Run na DMC hawakulipenda wazo hilo. Walipoyasikia mashairi waliyaona upuuzi usioeleweka. Jay ndiye aliyekuwa upande wa Rubin. Machi 1986 mwimbaji Steven Tyler na mpiga gitaa Joe Perry wakafika studio Manhattan, na kazi yao ikafanyika kwa siku moja.

Uchaguzi wa wimbo ndio ufundi wenyewe. Tyler, kwenye toleo la 1975, haimbi mashairi kwa kuvuta. Anayatapika haraka, silabi nyingi kwenye pigo moja, karibu na kughani. Na ule mshindo wa gitaa unaojulikana unalia hasa katikati ya beti, kisha unawapisha waimbaji. Kwa maneno mengine, nafasi ya rap ilikuwemo kwenye wimbo miaka 11 kabla. Toleo jipya linaanza na Jay akikwaruza zile ngoma za asili, halafu mashine inabeba, Perry anapiga gitaa lake upya, Run na DMC wanakatiana mistari, na Tyler anakuja na kiitikio kwa sauti ya juu ambayo rapa wawili wale hawaifikii. Sauti tatu, na hakuna inayokanyaga nyingine.

Sasa yale yanayosemwa. Kwanza, kwamba huu ndio wimbo wa kwanza wa rap na roki. Sivyo. Run-DMC wenyewe walitoa "Rock Box" mwaka 1984, gitaa likipigwa na Eddie Martinez, na albamu yao ya 1985 iliitwa King of Rock. Beastie Boys, kundi jingine la rap, walikuwa wameshaghani juu ya gitaa la bendi ya roki ya AC/DC mwaka 1984. Tofauti ya "Walk This Way" ni kwamba ilifika namba 4 kwenye chati kuu ya Marekani, wakati toleo la asili la Aerosmith lilikuwa limeishia namba 10.

Pili, kwamba Aerosmith ndio waliowapa vijana hawa umaarufu. Kama kuna deni, linasoma upande wa pili pia. Aerosmith walikuwa wameparaganyika na kuungana tena mwaka 1984, na albamu yao ya 1985, Done with Mirrors, haikuuza kama walivyotarajia. Run-DMC tayari walikuwa na albamu ya kwanza ya rap kupata dhahabu, ile ya 1984. Baada ya wimbo huu ndipo Aerosmith wakarudi na Permanent Vacation ya 1987 na kukaa juu kwa miaka mingi. Wengine husema bila rap wangesahaulika. Hilo ni kuvuta kamba mno, lakini mlango walifunguliwa.

Tatu, ukweli unaochanganywa kwenye karibu kila ubishi ni nani alikuwa "wa kwanza". Run-DMC ya 1984 ilikuwa albamu ya kwanza ya rap kupata dhahabu, yaani nakala 500,000. Raising Hell ilikuwa ya kwanza kupata platinamu, nakala 1,000,000, mwaka 1986, na ikafika namba 3 kwenye chati ya albamu zote. Lakini ya kwanza kushika namba 1 ni Licensed to Ill ya Beastie Boys, iliyotoka Novemba 1986 na kufika kileleni Machi 1987. Hao walikuwa vijana watatu wa Kizungu, prodyuza ni Rubin yule yule, na kwenye "No Sleep till Brooklyn" gitaa linapigwa na Kerry King wa Slayer. Unaweza kuuliza kwa nini Wazungu ndio waliofika namba 1 miezi michache baada ya Weusi kuishia namba 3. Redio na televisheni za Marekani zilivyogawanyika wakati huo, swali hilo lina jibu lake ndani yake.

MTV, televisheni ya video za muziki iliyoanza Agosti 1981, ililaumiwa miaka yake ya mwanzo kwa kuwaonyesha wasanii Weusi kwa uchache mno, ikisema yenyewe ni stesheni ya roki. Video ya "Walk This Way" imelichezea jambo hilo waziwazi: makundi mawili yanafanya mazoezi kwenye vyumba vilivyotenganishwa na ukuta, kila mmoja anamkera mwenzake kwa kelele, mpaka Tyler anautoboa ukuta kwa stendi ya maikrofoni.

Isiyokuwa tamu

Si kila kitu humu kinastahili heshima ya mzee. Albamu ina nyimbo 12 ndani ya dakika kama 40, na nusu ya pili inalegea. "Dumb Girl" ni mahubiri ya dharau kwa msichana, na umri umeuumbua. "You Be Illin'" ni vichekesho vinavyochekesha mara moja. "Son of Byford" haifiki hata nusu dakika. Ni ngoma ya mdomo na jina la baba yake DMC. Kwa upande mwingine, "Proud to Be Black" inayofunga albamu husahaulika isivyo haki, labda kwa sababu haina gitaa la kusimulia. Kundi linalodaiwa kujikomba kwa soko la Wazungu lilichagua kumaliza kazi yake kwa kuhesabu mashujaa Weusi wa Marekani.

Kuna pia sababu kwa nini hakuna anayetengeneza kitu kama hiki kirahisi leo. Mwaka 1986 sheria ya sampo ilikuwa haijakaa vizuri mahakamani. Uamuzi wa New York wa mwaka 1991 dhidi ya rapa Biz Markie ndio uliowafanya maprodyuza waombe ruhusa na kulipa kabla ya kugusa rekodi ya mtu. Hata "It's Tricky" ilifuatwa na wenye "My Sharona" mahakamani mwaka 2006, miaka 20 baadaye. Bendi za rap na roki zilizofuata, kama Rage Against the Machine mwaka 1992 au Linkin Park mwaka 2000, zilikwepa kikwazo hicho kwa kuwa na wapiga ngoma na magitaa wao wenyewe. Ndiyo maana sauti yao ni nyingine: bendi kwanza, dijei baadaye. Ukitoka kwa Linkin Park ukaingia Raising Hell ukitegemea ujazo ule ule, utadhani spika moja imekufa.

Namna ya kuisikiliza

Usianze na spika ya simu. Spika ndogo ya simu haitoi sauti za chini kabisa, na muziki wenye vitu vinne tu ukipoteza kimoja unabaki mifupa. Tumia hedifoni zinazoziba sikio au spika yenye koni ya kutosha. Ongeza sauti kidogo kuliko kawaida: rekodi za wakati ule hazikubanwa mpaka zikawa tambarare kama za leo, kwa hiyo zikifuatana na wimbo mpya kwenye orodha moja huonekana dhaifu, kumbe zimeacha nafasi kati ya pigo dogo na kubwa. Zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Nyimbo nne za kwanza, "Peter Piper", "It's Tricky", "My Adidas" na "Walk This Way", zimepangwa kwa hesabu: kengele, kisha gitaa la kudokoa, kisha karibu ngoma tupu, kisha gitaa zima. Zikivurugwa, ile "Walk This Way" haishtui tena, kwa sababu sikio halijanyimwa kitu kabla yake.

Kisha fanya jaribio moja. Fungua "Walk This Way" ya 1975, sikiliza ngoma za mwanzo tu, na uisimamishe gitaa linapoingia. Irudishe. Isikilize tena, uisimamishe tena pale pale. Ukifanya hivyo mara nane au kumi utaanza kuona kidole chako kinachelewa au kinawahi, na utakuwa unaisikia Aerosmith kama Jay alivyoisikia Hollis: sekunde nne na nusu za ngoma, na mtu ameshika maikrofoni anasubiri.